Wote tuliuliza moyo, hakuna aliyeuliza mguu

Wiki hii ni zamu yangu kuandika. Mimi si daktari. Nilimaliza sekondari hapa hapa kambini, nina miaka 24, na ni mmoja wa wale vijana wa afya wanaojitolea, wale ambao hapa Uganda wanaitwa VHT. Tunapita nyumba kwa nyumba na begi na daftari. Leo nataka kuwaambia jambo ambalo nililikosea. Mzee mwenyewe amenipa ruhusa. Aliniambia, "Andika, mwana, lakini jina yangu uiache." Basi nitamwita Papa Mwalimu, kwa sababu kule Bukavu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na hata hapa Nakivale kuna watu wazima wenye watoto wao ambao bado wanasimama akipita.

Papa Mwalimu ana ugonjwa wa sukari tangu zamani. Mwaka juzi alianza kusimama njiani. Akienda bombani na dumu tupu, anasimama mara mbili. Akipanda kale kamlima ka kanisa, anashika kifua na kusema ni gesi. Sisi wote tulisema ni gesi. Mpaka siku moja alianguka karibu na duka la unga, jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Walimpeleka Mbarara, halafu Kampala, na huko wakaona kwamba mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba sehemu tatu.

Wengi tunafikiri moyo unajilisha na ile damu iliyo ndani yake. Sivyo. Moyo ni nyama, na nyama hiyo ina mishipa yake midogo inayopita juu yake na kuiletea damu. Ikiziba, moyo unaanza kufa njaa huku umejaa damu. Fikiria bomba letu la maji. Likiziba katikati, unaweza kuchimba pembeni, ukaunga bomba lingine kabla ya pale palipoziba na ukaliingiza tena mbele yake. Maji yanazunguka. Operesheni ya Papa Mwalimu ilikuwa hivyo.

Lakini hilo bomba jipya linatoka wapi? Hili ndilo swali ambalo sikuliuliza. Linatoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Wanaweza kuchukua mshipa ndani ya kifua au kwenye mkono, na mara nyingi sana wanachukua mshipa mrefu wa mguuni, ule unaoanza mbele ya kifundo kwa upande wa ndani, ukapanda kando ya goti mpaka kwenye kinena. Uko karibu na ngozi. Mguu unaweza kuishi bila huo, kwa sababu mishipa mingine ya ndani zaidi inarudisha damu. Wanautoa, wanaugeuza juu chini kwa sababu ndani una vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, halafu wanaushona kwenye moyo. Aliyeifanya njia hii ienee ni daktari Muargentina, René Favaloro, mwaka 1967, akifanya kazi Cleveland, Marekani. Nilipenda kujua kwamba kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini nchini kwao kwa miaka kama 12. Siku hizi kuna hospitali zinazotoa mshipa kwa kamera na matundu madogo, na vidonda vya namna hiyo vinasumbua kidogo zaidi. Papa Mwalimu alipasuliwa kwa njia ya zamani, mkato mrefu.

Pesa zilitoka kwa binti yake. Yuko Canada, alipata bahati ya kuhamishiwa huko na watoto wake. Alikopa. Kanisa lilichanga. Hapa kambini watu walitoa mpaka shilingi 2,000, mama mmoja alileta kuku. Mzee akasafiri kwenda India na mtoto wa dada yake. Tulikaa tukiomba. Siku tuliyoambiwa "ametoka salama", watu walicheza uani kwake kama harusi.

Alirudi siku ya 24 baada ya operesheni. Kutoka kwenye ndege alipanda gari, saa nyingi barabarani kutoka Entebbe mpaka huku, miguu ikining'inia chini. Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Alifungua vifungo viwili vya shati, tukaona ule mstari katikati ya kifua, umenyooka na umekauka. Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja aligusa kovu kwa kidole kimoja akalia. Hakuna aliyeangalia chini ya kiuno. Alikuwa na suruali ndefu na soksi.

Mimi ndiye nilipewa kazi ya kumfuata nyumbani, kila Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza nilifungua daftari. Anapumua vizuri? Ndiyo. Dawa anameza? Ndiyo, akanionyesha. Kuna mstari mmoja umeandikwa "kidonda". Nikauliza, "Papa, kidonda kiko namna gani?" Akapapasa kifua. "Iko kavu, mwana. Moyo iko inapiga muzuri." Nikatia alama: kikavu.

Daftari langu lilikuwa na nafasi ya kidonda kimoja. Papa Mwalimu alikuwa na viwili.

Wiki ya pili niliona vitu. Leo nikivikumbuka vinanichoma. Niliona amejifunika blanketi miguuni saa saba mchana, jua linawaka. Niliona kandambili ya mguu wa kushoto imekatwa mkanda na kufungwa upya kwa kamba, kwa sababu mguu hauingii. Niliona Mama, mke wake, anaanika vitambaa vidogo nyuma ya nyumba, peke yake, mbali na nguo nyingine. Na kulikuwa na harufu kidogo. Kidogo tu. Nilijiambia ni shimo la choo la jirani.

Nilimuuliza, "Papa, na mguu?" Akajibu, "Ni safari ile. Ndege inavimbisha miguu." Na kweli, mguu uliotolewa mshipa unaweza kuvimba wiki nyingi bila kuwa na ubaya. Kwa hiyo jibu lake lilikuwa na ukweli nusu, na mimi nikaridhika na ile nusu. Tena ningesema nini? Yule ni mwalimu wa mama yangu. Mimi kijana nimwambie mzee mbele ya mke wake, pandisha suruali? Nilisikia aibu. Nikatia alama tena: kikavu. Jioni ile binti yake alinipigia kwa WhatsApp kutoka Canada. "Mdogo wangu, papa yuko aje?" Nikamjibu, "Dada, yuko fiti kabisa. Nimemwona leo kwa macho yangu."

Nilikuwa nimeona uso wake. Mguu sikuuona.

Ijumaa ya wiki ya tatu, mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, alinikuta njiani kabla sijafika. Akanishika shati. "Yaya, muguu ya babu inatoka maji usiku. Mama iko nalia."

Niliingia na sikukaa. Nilisema, "Papa, nisamehe, leo nitaona mguu." Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akageuza uso ukutani na kusema, "Basi fungua."

Mkato ulianza kwenye kifundo ukapanda mpaka juu ya goti. Sehemu ya juu ilikuwa imefunga vizuri. Chini, karibu na kifundo, ulikuwa umefunguka, shimo kubwa kama kiberiti. Juu yake kulikuwa na ganda la rangi ya machungwa, gumu. Ulikuwa unga wa kapsuli. Alikuwa ananunua kapsuli za antibayotiki duka la dawa, mbili mbili, anazifungua na kuzimwaga juu ya kidonda, kama wengi wetu tunavyofanya. Unga ulikauka ukawa kama kifuniko, na usaha ukabaki chini yake, unatafuta njia. Ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu na ya moto, wekundu umepanda mpaka nusu ya muundi. Mwili wake ulikuwa na homa.

Nilimuuliza, "Papa, hukusikia maumivu?" Akasema kidogo tu. Na hapo nilijifunza kitu kingine. Kando ya ule mshipa wanaoutoa kunapita mshipa wa fahamu. Ukiguswa wakati wa operesheni, ngozi ya upande wa ndani wa mguu inakufa ganzi kwa muda, wengine kwa miaka. Ongeza na sukari, ambayo nayo inapunguza hisia za miguu. Mguu wake ulikuwa unaoza bila kumpigia kelele. Tumezoea kusubiri maumivu ndiyo tuamini ugonjwa. Yeye maumivu hayakuja.

Gari la wagonjwa lilimchukua jioni ile. Mbarara walimpima, sukari ilikuwa juu ya 17. Daktari mmoja kijana alituelezea polepole, mimi na Mama tukisimama ukutani. Alisema uchafu uko kwenye ngozi na mafuta ya chini yake, bado haujafika mfupani, na tumshukuru Mungu. Alisema mgonjwa wa sukari kidonda chake kinapona taratibu, wadudu wanapenda damu yenye sukari, na chini kwenye kifundo damu inafika kwa shida kuliko sehemu nyingine. Halafu akauliza, "Nani alikuwa anamfuata nyumbani?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

Hakunigombeza. Aliomba karatasi ya hospitali waliyorudi nayo kutoka India. Ilikuwa ndani ya begi, kurasa nne za Kiingereza. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza, ule wa moyo na dawa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mistari minne kuhusu mguu: uangaliwe kila siku, ukikaa uinuliwe, nyuzi zitolewe lini, dalili gani zikitokea arudi haraka. Nilikuwa na karatasi hiyo wiki tatu.

Walimsafisha, wakakata nyama iliyokufa, wakampa dawa za antibayotiki kwa dripu. Alilala siku 16. Siku tatu za kwanza walisema wanaangalia kama mguu utabaki. Mama hakula. Mimi nililala chini ya dirisha la wodi na nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: ile alama yangu ndogo kwenye daftari, kikavu, kikavu, kikavu, mara tano.

Nilimpigia binti yake mwenyewe. Ningeweza kumwachia Mama, lakini niliona hapana. Nilimwambia sikuuangalia mguu, na kwamba nilimdanganya bila kukusudia. Alinyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akasema, "Nilikuwa nasema huko kuna macho yangu. Kumbe macho yangu yalikuwa yamefumbwa." Akakata simu. Sikumlaumu. Siku mbili baadaye alipiga tena, akauliza bandeji zinanunuliwa wapi.

Mguu ulibaki. Nilianza kufunga kidonda nyumbani, kwanza muuguzi akiniangalia, halafu peke yangu, siku baada ya siku, wiki 11. Kidonda kama hicho hawakishoni tena haraka. Kinaachwa kijae nyama kutoka chini kuja juu, kwa sababu kikifunga juu wakati ndani bado kuna usaha, kitafunguka tena. Kila Jumatatu nilipima kwa utepe. Kilianza kama kiberiti, kikawa kama sarafu ya mia tano, kikawa kama punje ya haragwe, kikawa mstari. Leo Papa Mwalimu anatembea na fimbo, na kifundo bado kina ganzi. Lakini anatembea.

Siku moja nikifunga bandeji nilimuuliza kwa nini alificha. Alisema, "Mwana, binti yangu alikopa. Kanisa ilichanga. Ule mama alileta kuku. Batu bote balifurahi. Nitawaambia sasa kwamba niko mugonjwa tena?" Alisema alikuwa anaona aibu ya kuugua mara ya pili. Nimelifikiria sana neno hilo. Sisi wakimbizi tunajifunza mapema kutosumbua. Unapanga foleni, unapewa, unasema asante, unaondoka. Ukipewa kikubwa, unaogopa hata kusema kwamba hakikutosha. Mzee yule alipewa moyo mzima, akaona ni ukosefu wa adabu kuleta malalamiko ya mguu.

Kwa hiyo, wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza. Yanamfaa mtu aliyepasuliwa moyo, na mengine yanamfaa yeyote mwenye kidonda cha operesheni.

Moja. Uliza walimpasua wapi na wapi. Usiulize tu "kidonda". Hesabu vidonda vyote na uvione kwa macho kila unapofika. Kama ni mzee na unaona aibu, omba ruhusa kwa heshima, au njoo na mtu wa rika lake. Lakini uone.

Mbili. Uvimbe kidogo, michubuko na ganzi vinaweza kuwa vya kawaida. Si kawaida wekundu unaopanda, joto, usaha, harufu, kingo kuachana, au homa. Hapo ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama nyuma ya muundi panavimba na kuuma ghafla, au mtu anakosa pumzi, usingoje hata saa moja, maana inaweza kuwa damu iliyoganda.

Tatu. Usimwage unga wa kapsuli, majivu, dawa ya meno wala majani kwenye kidonda. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au kama muuguzi alivyokuonyesha. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Funga kwa kitambaa safi kilichokauka.

Nne. Akikaa, mguu uwe juu, ukiwezekana juu kuliko moyo akiwa amelala. Sisi tulitumia dumu la lita 20 na mto juu yake. Asikae muda mrefu miguu ikining'inia na asikunje mguu juu ya mguu. Atembee kidogo kidogo kila siku.

Tano. Sukari ipimwe na dawa zisikatizwe. Na ale chakula cha kujenga mwili: maharage, mayai, mukene. Mama anasema mukene haifikii sambaza ya Kivu, lakini alimpikia kila siku.

Sita. Karatasi ya hospitali isomwe mpaka mwisho. Kama Kiingereza ni kigumu, tafuta mtu akusomee kurasa zote, siyo ule wa kwanza tu.

Na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnatusoma hapa: fomu zenu ndizo zinazotufundisha nini cha kuangalia. Kijana kama mimi anafuata mistari. Kama mstari ni mmoja, ataona kimoja. Mimi nilichora mstari wa pili kwa kalamu na rula kwenye kila ukurasa wa daftari langu, nikaandika "kidonda kingine, wapi?" Msimamizi wetu aliuona na akasema wenzangu nao wachore. Haikugharimu kitu. Nikiuliza hilo swali, karibu kila wiki kuna mtu anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Kwa Papa Mwalimu bado napita, ingawa siyo lazima tena. Nyinyi mnajua kwetu salamu ni kitu kikubwa. Huwezi kuingia kwa mzee ukaanza na shida, lazima kwanza muulizane usingizi, watoto, mvua. Lakini yeye sasa amebadilisha. Akiniona tu mlangoni, kabla sijafungua mdomo, anavuta suruali mpaka gotini na kuunyoosha ule mguu kwenye mwanga.

"Angalia kwanza," anasema. "Njo tusalimiane."

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyetoka hospitali, nenda kamwone leo.